Mlinganyo Niliousoma kwa Masikio

Kama wiki hii umeambiwa una presha ya macho na bado hujamwambia mtu, nimeandika haya nikikufikiria wewe. Kama riziki yako inatokana na kusoma, soma mpaka mwisho, au usomewe. Ugonjwa wenyewe madaktari watakueleza vizuri kuliko mimi. Mimi nitasimulia tulivyoishi nao nyumbani kwetu Katesh, na namna nilivyozipata tena hesabu baada ya macho kuisha.

Naitwa Restituta. Nilizaliwa Daudi, kule juu Mbulu kwenye baridi, nikaolewa huku chini ya mlima Hanang kwenye upepo. Mume wangu Faustini ni fundi wa matrekta. Tuna binti mmoja, Oliva. Nilikuwa nafundisha hisabati sekondari kwa cheti cha diploma, na wakati macho yanaanza kunisumbua nilikuwa nimeanza shahada ya hisabati kwa masomo ya mbali, nikisoma nyumbani na kwenda Babati kufanya mitihani.

Ugonjwa huu haukuniuma. Ulianza pembeni. Wanafunzi waliokaa mwisho wa darasa upande wa kulia walinyoosha mikono nami sikuwaona, wakaanza kusema Mwalimu ana watu wake. Nikawa nagonga mapaja kwenye kona za madawati. Siku moja ya mnada, barabara imejaa ng'ombe na watu, bodaboda ilinipitia karibu sana mpaka ikanichania gauni, na dereva akafoka kwamba nilimwangalia kabisa halafu nikaingia. Nilikuwa sijamwona. Hapo ndipo nilipokwenda kupimwa. Mtaalamu wa macho alisema ni presha ya macho, akaniandikia rufaa ya kwenda hospitali kubwa ya Kilimanjaro.

Huko nilijifunza kusubiri. Kliniki ya macho ina benchi ndefu, na asubuhi nesi anapita na kichupa akimwekea kila mtu dawa ya kupanua mboni. Baada ya hapo benchi nzima haioni vizuri, na ukutani mbele yetu palibandikwa tangazo la herufi ndogo ambalo hakuna aliyeweza kulisoma. Tulicheka sana kuhusu lile tangazo. Wengine walifunikwa jicho kwa pamba na plasta, wengine walikuwa wazee waliokuja kutolewa mtoto wa jicho na kurudi wakiona. Niliwaonea wivu, nasema ukweli.

Kwenye benchi hiyo nilikaa na mama mmoja Mbarbaig wa uwanda wa Hanang aliyemleta mumewe. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na Kibarbaig changu ni cha salamu tu. Jina langu lilipoitwa niliinuka nikajikwaa mguu wa mtu. Yule mama akanishika mkono bila kuuliza, akanipeleka hadi mlangoni, akanisubiri pale pale nitoke. Nilipotoka nalia akanimiminia maziwa ya mgando kwenye kifuniko cha kibuyu chake. Nimesahau mengi ambayo daktari alisema siku ile. Yale maziwa sijayasahau.

Kwanza yalikuwa matone, asubuhi na jioni. Yanachoma, kisha uchungu wake unashuka kooni. Nesi mmoja alinifundisha kufumba jicho na kubonyeza kwa kidole kona ya ndani, karibu na pua, na uchungu ukapungua. Kope zangu zikarefuka na kuwa nyeusi, akina mama wa kanisani wakaniuliza nimenunua wapi. Kisha vikaja vidonge. Vidole vilinitambaa kama nimevikalia, na soda ikawa na ladha ya chuma. Kama vinakutokea hivyo mwambie daktari, usidhani unachanganyikiwa kama nilivyodhani mimi.

Masika walinifanyia operesheni ya jicho la kulia. Wakati wa baridi, ile baridi inayofanya watu wa Daudi wachomwe na moto wa jikoni kwa kuukaribia, wakafanya la kushoto. Presha ilishuka, lakini ilikuwa imekwisha kula sehemu kubwa. Wakati wa kuvuna mbaazi nilikuwa naona kupitia tundu dogo, herufi moja kwa wakati. Mvua za vuli zilipoanza tundu lilifungwa. Nikabaki na mwanga na kivuli, najua dirisha liko wapi na basi.

Nyumbani kukawa kugumu kwa namna ambayo sikuitegemea. Faustini hakunikimbia, na watu walimsifu kwa hilo. Ila alichukua kila kitu. Alipika, alipokea simu zangu, alijibu salamu zangu barabarani. Siku niliyoungua kidole alilibeba jiko la gesi akalipeleka gereji. Kliniki, daktari aliinua vidole mbele ya uso wangu akamwuliza yeye, "Baba, mama anaona vingapi?"

"Haoni," Faustini akajibu.

"Daktari," nikasema, "niulize mimi. Sivioni vidole, lakini naona mkono unatembea. Na wewe Baba Oliva, nisamehe, lakini ulimi ninao."

Tulifika Babati kubadilisha basi. Hapo akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Oliva, mimi nikikaa bila kufanya kitu, naogopa." Nilikuwa sijui kama na yeye anaogopa. Jiko lilirudi kesho yake.

Mama yangu aliteremka kutoka Daudi akakaa nasi. Yeye alikuwa na maelezo yake. "Hesabu ndizo zimekula macho yako, mwanangu," aliniambia kila asubuhi. "Tangu mdogo ulikuwa unainamia vitabu. Sasa umeona. Rudi nyumbani, ukae juani, tutakula kilichopo." Alisema kwa upendo, na ndiyo maana iliniuma. Mkuu wa shule naye alikuwa na huruma. Aliniondoa darasani akaniweka kwenye ushauri nasaha, kuongea na wanafunzi wenye matatizo. Nikakaa kwenye kiofisi karibu na darasa langu la zamani. Kupitia ukutani nilimsikia mwalimu mwingine akifundisha mada ninazozipenda, na nilipojua jibu nililisema kimoyomoyo.

Aliyenitoa pale ni Mwalimu Zakayo wa fizikia, ambaye pia alitunza kompyuta za shule. Alikuja na kompyuta ndogo akaniwekea spika za masikioni. "Bonyeza hapa, Mwalimu," akasema. Sauti ikaanza kunisomea habari. Ilikuwa sauti ya mashine, inatamka majina ya Kiswahili kama mtu mwenye chakula mdomoni, lakini nilisoma habari nzima, nikarudia aya niliyoipenda, na sikuwa nimemwomba mtu. Kwa wiki kadhaa nilisoma kila kilichoweza kufunguka. Nilimsomea hata Faustini kitabu cha maelezo cha trekta la mteja wake.

Kisha nikafungua masomo yangu ya shahada.

Nataka uelewe kilichotokea, kwa sababu huenda kitakutokea. Kwenye karatasi hesabu haikai kwenye mstari kama sentensi. Kuna namba iliyo juu na nyingine chini yake, kuna kistari katikati, kuna kidogo kilichopanda begani mwa kikubwa. Anayeona anatupa jicho mara moja anajua. Ile mashine ilitegemea maandishi, na milinganyo yangu mingi ilikuwa imebandikwa kama picha. Kwa hiyo ilisoma hivi: "Kwa hiyo tunapata. Picha. Ambapo. Picha. Ni sawa na. Picha." Mahali ambapo haikuwa picha, mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana mashine ilinidanganya. Chukua kanuni ya milinganyo ya kipeo cha pili, ile ya kidato cha pili. Ilisoma herufi na namba zote kwa mfululizo, na ile mbili ya kipeo ikaisoma kama namba ya kawaida, na kistari cha sehemu kikapotea kabisa. Sikujua nini kinagawanywa kwa nini. Mimi niliyeifundisha kanuni ile miaka yote nisingeitambua.

Nilifikiri mtihani utakuwa nafuu, kwa sababu chuo kilinipa msomaji. Alikuwa dada mpole, mhitimu wa sheria. Tulikaa chumba cha peke yetu pale Babati, akaanza.

"Swali la kwanza. Kuna S ndefu, kama mtu ameivuta. Juu yake kuna moja, chini kuna sifuri."

"Sawa. Endelea."

"Halafu kuna x, halafu mbili ndogo."

"Ndogo ya juu au ndogo ya chini?"

Akaisogeza karatasi karibu na uso. "Dada, mimi naona kama ipo katikati."

Tulihangaika hivyo mpaka muda ukaisha. Alikuwa anatokwa na jasho, nilisikia anapangusa uso. Alipofunga karatasi aliniomba msamaha, na mimi nikamwambia hajakosa kitu, kwa sababu hajawahi kusomeshwa kusoma vitu vile. Nilifeli. Mama aliposikia hakusema "nilikuambia." Alianza tu kukunja nguo zangu akiziweka kwenye begi, tayari kwa safari ya Daudi.

Nilimwachia akunje. Nililala kitandani nikahesabu vitu vilivyokwenda, na kwa mara ya kwanza niliona maneno ya mama yana maana. Lakini kulikuwa na kitu kinanikera, kama punje kwenye jino. Sikuwa nimefeli hesabu. Hesabu hazikunifikia. Mwanafunzi wangu angekuwa amefeli hivyo, nisingemwambia arudi kijijini akae juani.

Nikampigia mhadhiri wa somo, Dakta Lameck. Sikuwahi kukutana naye.

"Shikamoo, Dakta."

"Marahaba, Mwalimu. Nilisikitika kuona matokeo yako. Vitabu vya somo si ulitumiwa?"

"Nilitumiwa. Naomba usikilize kitu kidogo." Nikaisogeza simu kwenye spika ya kompyuta, nikaiacha mashine isome ukurasa wake wenye milinganyo mingi kuliko zote, ule wa uthibitisho mrefu. Tunapata, picha. Ambapo, picha. Iliendelea mpaka mwisho wa ukurasa.

Nikairudisha simu sikioni.

"Hivyo ndivyo unavyosoma somo langu?" akauliza.

"Ndivyo, Dakta."

"Sasa hata hizo alama ulizopata, ulizipataje?"

Tulicheka wote wawili, mimi nikiwa na machozi. Kisha akanieleza jambo lililobadilisha maisha yangu. Alisema yeye haandiki milinganyo kwa kuichora. Anaandika kwa maneno na alama za kawaida kwenye kompyuta: anaandika kwamba hii ni sehemu, hiki ni kiasi cha juu, hii ni asili ya chini, hiki ni kipeo. Programu ndiyo inayoyageuza maneno hayo kuwa ukurasa mzuri wa kuchapwa, na ukishageuka, maneno yanapotea, unabaki umbo la kuangaliwa na macho.

"Yale maneno bado unayo?" nikauliza.

"Ninayo yote. Hakuna aliyewahi kuniomba."

Aliyatuma siku hiyo hiyo. Zakayo akafungua, mashine ikaanza kusoma, na ilikuwa fujo: alama, mabano, alama, mabano. Nilitoa spika sikioni nikapumzika, nikairudisha. Katikati ya fujo nikasikia neno la sehemu, kisha mabano, kisha kilicho juu, yakafunga, kisha kilicho chini. Kwa mara ya kwanza tangu vuli nilijua nini kiko juu na nini kiko chini. Nilimwambia Zakayo aniache nisikilize. Nilisikiliza kurasa nyingi hivyo, kichwa kikiniuma, nikifurahi kama mwendawazimu.

Zakayo hakutaka niendelee kuumia kichwa. Alitafuta, akajaribu, akauliza walimu wenzake kwa simu, mpaka akapata programu ya kuyageuza yale maneno kuwa ukurasa wa kufunguka kama wa mtandaoni, ambao ndani yake mlinganyo unabaki mlinganyo wala haugeuki picha. Akaweka na nyongeza kwenye ile mashine ya kusoma ili iujue. Kisha akaketi karibu yangu, akabonyeza.

Mashine inasoma kwa Kiingereza, lakini kwa lugha yetu ilisema hivi: sehemu inaanza; toa b, jumlisha au toa, kipeuo cha pili cha b kipeo cha pili toa nne a c, kipeuo kinaisha; chini yake, mbili a; sehemu inaisha.

Ilikuwa ile kanuni ya kidato cha pili. Dakta alikuwa ameiweka mwanzoni, kukumbushia tu. Niliiomba mashine irudie. Kisha nikagundua kwamba kwa vitufe vya mishale naweza kuingia ndani ya sehemu, nikatembea juu peke yake, nikashuka chini, nikarudi. Nilikuwa natembea ndani ya mlinganyo kama mtu anayetembea chumba kwa chumba kwenye nyumba yake. Nikamwita Oliva aje asikie. Alisikiliza akasema, "Mama, mbona inaongea kama wewe ukifundisha?"

Haikuwa rahisi baada ya hapo, nisikudanganye. Majedwali ya namba yalivurugika, michoro haikusomeka kabisa, na Dakta akawa anaketi kuelezea kila mchoro kwa maneno. Alinipigia siku moja akaniambia kwamba kuieleza michoro kumemwonyesha kwamba mitatu haikuwa na kazi, akaiondoa. Ofisi ya mitihani iliogopa kwamba kompyuta itanipa majibu. Dakta akawaandikia, akaenda mwenyewe kuwaonyesha, akasema mashine itakatwa mtandao na msimamizi atakaa pembeni yangu na spika yake ya pili asikie ninachosikia. Mvua zikapita, alizeti zikavunwa, ndipo wakakubali. Macho nayo yalikuwa na mambo yao. La kushoto lilianza kuuma, nikarudi Kilimanjaro kuchomwa na mionzi ili litulie, na nikarudia somo langu kwenye ile benchi, spika masikioni, nikisubiri kuitwa. Mtu wa jirani aliuliza nasikiliza muziki gani. Nikampa spika moja. Alivumilia kidogo akanirudishia, akasema bora hata kuumwa macho.

Siku ya mtihani Faustini alinipeleka Babati. Alinifikisha mlangoni akasimama, nikasikia haondoki. "Nenda ukanywe chai," nikamwambia. Akaenda.

Swali la kwanza mashine ililisoma lote bila kusita, na ile S ndefu ikaitwa kwa jina lake, integral, kuanzia sifuri hadi moja. Sikukumbuka jambo lingine baada ya hapo. Niliingia ndani ya swali nikatoka, nikarudi mara nyingi nilivyotaka, na hakuna aliyehema kwa kuchoka. Majibu niliyaandika kwa yale maneno ya Dakta. Nilikosea mahali nikagundua mwenyewe, nikafuta. Msimamizi aliposema muda umekwisha, nilikuwa nimemaliza zamani, nimekaa tu, nakagua.

Nilifaulu somo lile kwa daraja la juu, na yaliyofuata nikayafaulu. Dakta sasa anawapa wanafunzi wake wote masomo kwa mtindo ule, wanaoona na wasioona, na wanaoona wanausoma kwa simu zao. Mkuu wa shule alinirudishia kidato cha tatu. Mwanafunzi anaandika ubaoni, mimi nafundisha kwa mdomo, na sheria ya darasa langu ni moja: hakuna kusema "hii juu ya hii." Sema ni nini, sema kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Mwanzoni walilalamika. Sasa mmoja akiruka mabano wenzake wanamrudisha kabla yangu.

Wewe uliyeambiwa wiki hii: weka matone yako hata siku unayoona hayana maana. Nenda kliniki hata kama macho hayakuumi. Waambie wa nyumbani wakuachie jiko. Na ukitumiwa kitu cha kusoma kikakunyamazia, usijilaumu. Mtafute aliyekiandika umwombe maneno yake ya mwanzo. Huenda anayo na hajawahi kuombwa.

Krismasi tulipanda Daudi. Mama alikuwa ameketi uani na majirani wanachambua maharage, na habari za shahada yangu zilikuwa zimemfikia, lakini nusu alikuwa haziamini. Nilimwamkia, nikakaa karibu yake, nikatia mikono kwenye ungo nami nichambue, maana mawe yanajulikana kwa vidole.

"Ule mtihani," akasema baadaye, kwa sauti ya mtu aliyekuwa na swali hilo siku nyingi. "Nani alikuwa anakusomea?"

"Hakuna, mama. Nilisoma mwenyewe."

Mikono yake ilisimama kwenye maharage. Akavuta pumzi, kisha akawageukia majirani akawaambia kwa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, taratibu, neno kwa neno, ili asiwepo atakayesema hakusikia: "Amesoma mwenyewe."